Kufuga stifodoni, gobi mdogo wa vijito vya visiwani, ukiwa Kampala: anza na mawe

Kwetu Kasese hakunaga mtu ananunua ng'ombe leo halafu kesho ndo anaanza kuuliza majani yako wapi. Huyu samaki ni hivohivo, na kama utaishia hapa usisome mbele basi shika hilo moja: mawe yenye utelezi kwanza, samaki baadaye, na hiyo baadaye ni kama mwezi mmoja na nusu. Wawili wangu wa kwanza nilifanya kinyume. Niliwaleta nyumbani Ntinda kwenye tanki jipya linang'aa kama glasi za harusi, nikawapa vile vipande vya chakula vya dukani asubuhi na jioni, wao wanazunguka tu, vipande vinaoza chini, mwezi wa kwanza nikasema wanazoea, wa pili tumbo likaanza kuingia ndani, wa tatu nikazika wote wawili chini ya mti wa ovakado wa mwenye nyumba. Chakula kilikuwa kimejaa mule ndani jamani, na bado walikufa na njaa.

Tangu hapo nimejifunza, saa hii niko na sita na wa zamani kabisa ameingia mwaka wa tatu. Naandika vile mimi nafanya, kwa maji ya hapa na jua la hapa, maana maelezo mengi utakayokuta yameandikwa na watu wa nchi za baridi, wao shida yao ni kupasha maji joto, sisi shida zetu ni zingine.

Huyu samaki ni nani

Kwenye vitabu wanaandika Stiphodon, sisi tunasema stifodoni. Ni kundi la magobi wadogo, samaki wa kukaa chini kwenye mawe na mchanga, wengi ni sentimita 3 mpaka 6 basi, wanaishi kwenye vijito vya visiwa vya joto: Indonesia, Ufilipino, Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon, Vanuatu, Fiji, kule juu hadi Okinawa ya Japani, na upande wetu wa Bahari ya Hindi wako Sri Lanka. Max Weber ndo alilipa kundi hili jina mwaka 1895, na jina lenyewe linahusu meno kusongamana, na kweli, ukimuona akiwa kwenye kioo na mdomo wazi utaona safu ya vijino vyembamba mno kwenye taya la juu, vingi kama kitana. Hicho kitana ndo jembe lake. Anakwangua jiwe, anakula ule utando wa juu, mwani mdogomdogo na hasa diatomu, zile zinazofanya jiwe liwe na rangi ya chai ya rangi. Mapezi yake ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe kidogo cha kunyonya, anajibandika nayo hata maji yakimpiga vipi.

Usimdharau hicho kikombe. Kule Hawaii kuna ndugu zake wa ukoo huohuo wanapanda maporomoko ya Akaka, mita kama 135 za mwamba wima, samaki wa kukaa kiganjani! Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tanki lake halihitaji kifuniko kwa sababu gobi si samaki wa kuruka, mwache. Huyu haruki sana, anatembea ukutani.

Sasa maisha yake. Mama anataga kwenye kijito chini ya jiwe, baba analinda, mayai ni madogo kama punje ya chumvi, yakianguliwa vile vitoto vinabebwa na maji mpaka baharini, na visipofika kwenye chumvi ndani ya siku chache vinakufa. Baharini vinakaa miezi kadhaa vikila na kukua, halafu vinarudi kuingia mdomo wa mto, si lazima mto uleule wa mama yao, vinapanda juu na kugeuka kuwa gobi wa kijitoni mpaka mwisho. Kule kisiwa cha Réunion watu wanawangojaga ndugu zao hawa kwenye midomo ya mito wakiwa wanaingia makundi kwa makundi, wanaita bichiques, wanapika mchuzi wa binzari, bei yake si mchezo. Wafikirie kama mukene wetu, yaani dagaa, ila ni wa matajiri.

Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini Uganda hatuna na hatuwezi kuwa naye porini. Kitoto kikianguliwa Jinja, pale Naili inapotoka ziwani, kina zaidi ya kilomita 5,000 za mto mbele yake mpaka Mediterania, na siku chache tu za kuishi. Pia utaelewa kwamba karibu kila stifodoni unayemuona kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) hapa mjini alivuliwa kijitoni kisiwani, hakuzaliwa kwenye bwawa la mtu kama gapi, yule samaki mdogo wa mapambo wa kawaida. Ameshatolewa kwake, amefunga siku nyingi njiani, amepanda ndege. Ukimuua kwa uvivu ni dhambi kidogo, mi naona hivo.

Hatua ya kwanza: limia samaki wako

Hapa ndo pana kazi, na hapa ndo sisi wa ikweta tumependelewa. Jua letu ni masaa kama 12 mwaka mzima, bure. Wenzetu wa Ulaya wananunua taa za kukuza mwani, wewe una veranda.

Tafuta mawe ya mtoni yaliyo laini na ya mviringo, ukubwa wa ngumi mpaka ukubwa wa mkate, kama 20 au 25. Usichukue mawe ya kokoto zilizopasuliwa, yana makali yanachana tumbo lake. Mi ya kwangu nilibeba kutoka mto Mubuku upande wa Bugoye nikiwa nimeenda kusalimia nyumbani, nje ya mipaka ya hifadhi ya Rwenzori, maana ndani ya hifadhi huruhusiwi kuokota kitu. Mito ile ikikuonyesha mawe yake unaelewa kabisa huyu samaki anaishije, maji mafupi, yanashuka kwa kasi, jiwe limesuguliwa likawa kama yai. Ila sikiliza hapa vizuri kama na wewe ni wa Kasese: usichukue mawe ya mto Nyamwamba kuanzia Kilembe kushuka. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, makapi yakaachwa bondeni kandokando ya mto, na mafuriko kama yale ya Mei 2013 yakayasomba. Shaba hata kidogo ni sumu kwa magobi na ni sumu zaidi kwa kamba wadogo. Na upande wa Hima mawe mengi ni ya chokaa, si unaona kiwanda cha simenti kiko pale, hayo yanafanya maji yawe magumu. Jiwe lolote una wasiwasi nalo kamulia tone la ndimu, likitoa povu liache.

Sugua mawe kwa brashi na maji matupu, sabuni hapana, hata kidogo hapana. Halafu chukua mabeseni matatu, yale mapana ya plastiki ya kufulia, mapya, weka mawe safu moja tu yasipandane, jaza maji yafunike mawe vidole viwili juu. Kama una tanki lingine la samaki tumia maji yake machafu ya kubadilisha, ndo mbolea bora. Kama huna, maji ya kawaida yaliyolala siku mbili na kipande kidogo cha jani la mboga lioze ndani. Weka panapopata jua la asubuhi, jua la mchana kutwa linapika maji beseni likiwa dogo.

Wiki ya kwanza hutaona kitu. Ya pili jiwe litaanza kuteleza ukiligusa, rangi ya chai, hiyo ndo diatomu, hiyo ndo ugali na nyama yake. Ya tatu na ya nne inakuja kijani fupi, nayo ni nzuri. Zikianza nyuzinyuzi ndefu kama nywele, hizo samaki hali, toa kwa mswaki wa zamani. Mi nagusa kwa kidole, kikiteleza kama kimepakwa ute wa bamia basi jiwe liko tayari.

Sasa mbu. Maji safi yaliyotulia juani ndo mbu wa malaria anayapenda kabisa, kwa hiyo usije ukafuga samaki ukalaza watoto wa jirani. Mbu anahitaji wiki hivi au zaidi kutoka yai mpaka kuruka, kwa hiyo kila siku ya nne mwaga maji yote ardhini, sio kwenye mfereji, na ujaze upya, mawe yakikaa na unyevunyevu dakika tano hayafi. Weka siku kwenye simu ikukumbushe.

Na hapa ndo niliua tena. Niliona uvivu wa kumwaga nikasema ntafunika mabeseni na neti, nikachukua ile neti ya zamani ya kitandani, zile zinagawiwa bure zimetiwa dawa, nikaitandaza juu vizuri nikajiona mjanja. Mvua ikanyesha ikapita kwenye neti ikaingia kwenye beseni. Jumamosi nikahamisha mawe matatu kuyaingiza ndani kwenye tanki, jioni samaki wanakwenda mshazari, asubuhi wanne wamelala chali na kamba wote weupe kama wamechemshwa. Dawa ya kwenye neti ni ya jamii ya pairetroidi, mtu haimdhuru hivo lakini samaki hata chembe inamaliza. Ukitaka kufunika tumia kitambaa cha pazia chepesi kisicho na dawa. Na chumba chenye tanki usipulize dawa ya mbu ya kopo, ukilazimika kabisa funika tanki lote na shuka nzito na uzime pampu ya hewa kwanza maana hiyo pampu inavuta hewa ya chumbani inaipiga ndani ya maji.

Tanki, na habari ya oksijeni ya huku juu

Urefu ni muhimu kuliko kimo. Sentimita 60 kwa 30 kwa 30 ndo mwisho wa chini, hiyo ni kama lita 54, kwa samaki watatu au wanne. Ukiweza 90 nenda 90. Mafundi wa vioo mjini wanakukatia na kugundi kwa silikoni, mwambie fundi silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, anajua, akijifanya hajui nenda kwa mwingine. Stendi nilichomelewa Katwe, ukienda pima mwenyewe usimwachie boda akapime.

Chini weka mchanga wa ziwa, ule mlaini wa kujengea, uoshe mpaka mkono uchoke, halafu uoshe tena. Huyu samaki anajifukiaga kwenye mchanga usiku au akishtuka, akibaki macho tu.

Halafu mkondo. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na huyu samaki kwao ni karibu na usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, kama asilimia 13 hivi chini ya kule pwani, na maji yanashika oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Maji ya nyuzi 25 pwani yakijaa oksijeni yana kama miligramu 8.2 kwa lita, hapa yakijaa kabisa hayafiki sana zaidi ya 7. Yaani unaanza mbio ukiwa nyuma ya mstari. Kwa hiyo yule anayeandika kwamba filta moja ya sponji inatosha labda yuko Mombasa. Mi nina pampu ya kusukuma maji inayozungusha maji ya tanki zaidi ya mara kumi kwa saa, nimeielekeza kutoka upande mmoja wa urefu kwenda mwingine kama kijito, mdomo wake uko juu kidogo ili uvunje uso wa maji, na sponji kwa ajili ya bakteria wanaosafisha maji. Sponji ifunike mdomo wa kunyonya, la sivyo utamkuta samaki ndani ya pampu, na si kwa bahati mbaya, anaingiaga mwenyewe kutembea.

Joto: nyuzi 22 mpaka 26 anafurahi, na nyumba nyingi za Kampala, Jinja, Mbarara maji yanasimama humo humo bila hita. Kabale na milimani huko nunua hita tu usibishane. Joto likipanda sana kiangazi usimwage barafu, ongeza hewa na zima taa.

Kifuniko: wavu mgumu wa plastiki au kioo, na kila tundu la waya na bomba uzibe na sponji. Tundu la upana wa kidole kidogo ni mlango.

Maji

Maji ya bomba ya Kampala yanatoka Ziwa Nalubaale (Viktoria) pale Ggaba, ni maji laini kwa asili, na hiyo ni bahati yetu maana vijito vya visiwani navyo ni laini. Shida ni klorini tu. Jaza jerikeni zako, acha mifuniko wazi saa 24 mpaka 48, au weka pampu ya hewa ndani usiku mmoja. Maji ya mvua ya mabati ni laini mno peke yake, changanya nusu kwa nusu. Kisima inategemea, vingine vina chumvi na chuma, pima kabla.

Endesha tanki tupu na filta wiki nne mpaka sita kabla ya samaki, bakteria wakomae, na wiki hizo ndo hizohizo mawe yako yanaota jua, hivo husubiri mara mbili. Baada ya hapo badilisha theluthi moja kila wiki. Sponji suuza kwenye maji ya tanki uliyotoa, usisuuze bombani utaua bakteria wote na klorini. Na kioo cha nyuma na cha pembeni usikisugue kamwe! Cha mbele tu ili uone. Wageni watasema tanki chafu, waache.

Kumpata na kumchagua

Nchi hii kuingiza samaki hai kunahitaji kibali kutoka Wizara ya Kilimo, upande wa uvuvi, ofisi zao ziko Entebbe, pamoja na cheti cha afya kutoka kule anakotoka. Nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha hizo karatasi. Kuna watu wanapitisha mpakani ndani ya begi la nguo, na nusu ya mzigo inafika imekufa, wewe ukinunua ile nusu nyingine ndo unawapa nauli ya safari ijayo.

Ukifika usiangalie rangi kwanza, angalia tumbo. Mtazame kwa mbele na kwa chini akiwa amebandika kwenye kioo: tumbo liwe limejaa au limenyooka. Likiwa limeingia ndani na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, huyo ameshakula misuli yake, mara nyingi harudi. Halafu subiri. Mi nakaa pale dukani hata saa nzima, mwenye duka ananiita "muko wa mawe", yaani shemeji wa mawe, nasikia sawa tu. Nataka nimuone anakwangua, ule mwendo wa kichwa tk-tk-tk kwenye kioo. Siku moja niliuliza, "Ssebo, huyu anakula nini hapa?" akaniambia, "Boss, huyu hali, anasafisha tu." Sikununua.

Dume ndo mwenye rangi, kuna wa buluu ya kung'aa, wa dhahabu na wekundu, weusi kwa kijani, inategemea aina na hata inategemea siku, akiwa na hasira anabadilika palepale. Jike ni wa rangi ya mchanga na mistari miwili mieusi kutoka puani mpaka mkiani. Watu wanakataaga majike kwa sababu hawapendezi, wanachukua madume matatu, matokeo yake ni ugomvi. Dume mmoja na majike wawili au watatu, hapo utaona rangi ambayo dume mpweke hakuonyeshi hata umlipe.

Angalia pia usiuziwe ndugu zake. Sicyopterus anafanana akiwa mdogo ila anakua mara mbili yake na zaidi, na anajifanya mwenye mji. Sicyopus yeye ni mla wadudu, mawe yako yote ya chai hatayajali. Ukimuona mdomo mkubwa kidogo na mwili mwembamba wa kupenyeza mwanga, uliza tena.

Kumwingiza

Kaveera kielee kwenye tanki nusu saa, zima taa, halafu mmwage pamoja na maji yake kwenye ndoo safi, chukua mpira wa driipu au bomba la hewa ulilofunga fundo, dondosha maji ya tanki pole pole saa moja mpaka mawili. Mchote na kikombe, wavu unamkwaruza. Maji ya kaveera usiyamwage kwenye tanki. Siku mbili za kwanza atajificha, usimtafute, usihamishe jiwe kumtafuta. Mi nilihamisha nikamponda mmoja, sirudii.

Kulisha, au niseme kuzungusha malisho

Mabeseni matatu, wiki moja moja. Jumamosi natoa mawe manne au matano yaliyokwanguliwa kwenye tanki, yanakuwa na michirizi safi kama mtu amepiga deki, nayarudisha beseni la kwanza, nachukua yaliyoiva kutoka beseni la tatu, nayapekua kama kuna viluwiluwi vya mbu au kerengende (mtoto wa kerengende anakula gobi, usicheke), nasuuza haraka, naingiza. Samaki wanakuja ndani ya dakika. Kwa samaki wanne mawe matano kwa wiki ni sawa, ukiona mawe yanamalizika kufikia Jumatano ongeza beseni.

Mvua za Aprili na Novemba mwani unachelewa, hapo nina akiba ya jeli. Unaipika hivi: pakiti moja ya jelatini isiyo na sukari wala rangi, maji ya moto kikombe kimoja, vijiko viwili vya unga wa spirulina (mwani uliokaushwa), doodo (mchicha) ya kiganja kimoja iliyochemshwa na kusagwa, na nusu kijiko cha unga wa mukene, uliooshwa kwanza maana mukene wa kukaushwa chini una mchanga mwingi. Koroga, paka juu ya mawe bapa safu nyembamba kama siagi ya mtu bahili, weka friji yagande. Jiwe moja jioni, asubuhi litoe lililobaki. Mukene usizidishe. Tumbo lake ni refu, la mla mwani, nyama nyingi inamvimbisha anaacha kunya. Tango na majani ya kuchemsha ya peke yake wengine wanagusa wengine hawagusi, ya kwangu hayaguswi, ila ule utando unaoota juu ya jani kavu la ovakado au mpera lililolowekwa wanaupenda.

Majirani

Kamba wadogo ndo jirani bora. Ziwa letu lenyewe lina kamba wake, Caridina nilotica, mdogo wa kupenyeza mwanga, wanaelewana vizuri ila ukiwatoa ziwani wakae peke yao wiki tatu kwanza kabla ya kuchanganya. Samaki wadogo wa kuogelea juu kama danio nao sawa. Nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani, hapana hata awe mzuri vipi, ngege (sato) hapana, na yule kambare wa kunyonya vioo hapana, huyo anamaliza malisho ya mwezi kwa usiku mmoja.

Na ukichoka kufuga usiende kumwaga ziwani. Sangara aliletwa Nalubaale miaka ya 1950, na aina ngapi za nkejje zimepotea tangu hapo, mamia. Stifodoni hawezi kuzaa huku ni kweli, lakini maji yake na vimelea vyake vinaweza kuishi. Mpe mfugaji mwingine.

Akiumwa, na stima ikienda

Ugonjwa wa kwanza ni njaa, wa pili ni njaa, nimeshasema. Akipata madoadoa meupe soma chupa ya dawa: ikiwa na neno shaba au salfeti ya shaba irudishe. Pasha maji polepole mpaka nyuzi 28 huku ukiongeza hewa nyingi, hewa nyingi kweli kwa sababu maji ya moto yanashika oksijeni kidogo na sisi tayari tuko chini.

Stima ikienda una masaa machache tu, si kama wa gapi ambao watakusubiri mpaka kesho. Kuwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, au ile ya kuchaji kwa sola, jaribu kila mwezi kama bado inawaka. Ukikutwa huna, chota maji na jagi uyamwage tena kutoka juu, kimo cha mkono, dakika tano kila nusu saa. Nimewahi kufanya hivo kutoka saa tatu usiku mpaka saa tisa, mke wangu akaja na tochi akaniangalia akarudi kulala bila kusema neno.

Wakitaga

Wakishiba na kuwa na dume mmoja watataga, utashangaa. Dume anachimba chini ya jiwe bapa, anamcheza jike kwa kutetemesha mapezi, na siku inayofuata anakuwa hatoki pale. Mayai ni maelfu, kama vumbi limebandikwa darini kwa jiwe. Usinyanyue jiwe kila saa. Baada ya siku chache usiku ukimulika tochi utaona kama vumbi linaogelea kufuata mwanga, hao ndo watoto, na hao ndani ya maji matamu hawatafika mwisho wa wiki. Kuwalea inataka maji ya bahari, chakula hai kidogo kuliko macho yanavyoona, na miezi ya kukesha, na hapa Kampala hata maji ya bahari ni unga wa kununua. Nilijaribu mara moja kwa ndoo na chumvi ya akwaria, walifika siku ya nne. Saa hii naacha kamba na danio wale.

Ukisafiri Krismasi

Wengi wanauawa Desemba. Kama unaenda kijijini wiki mbili, siku unayoondoka badilisha maji, ingiza kwenye tanki mawe yote yaliyoiva ya mabeseni matatu kwa mpigo, taa iwe na saa ya kujizima yenyewe, mwage mabeseni yote na uyapindue kabisa kwa ajili ya mbu. Mtu wa kubaki na ufunguo kazi yake ni moja, kuangalia pampu inanguruma. Mwambie asilishe. Mwambie tena. Mi nilimwambia kijana wa jirani mara tatu na akaitikia "ndiyo mzee" mara tatu, nikarudi tarehe 3 Januari nikakuta maji meupe na bonge la posho (ugali) limekaa katikati ya mawe, alisema aliwaona kama wana njaa. Siku hizi naondoka na kopo la chakula cha samaki kwenye begi, na jikoni nafunga.